MLIMA WA MOTO NA NENO LA HUKUMU

Sisi tukaao Mwanza twajenga juu ya mawe ya kale. Miamba hii isimamayo ziwani na vilimani petu haitoi moshi wala moto, nasi kwa raha hiyo twawahukumu upesi wakaao penye moto. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na uji wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya mji wa Goma, kilomita zipatazo 400 toka kwetu. Maelfu ya nyumba ziliteketea, watu wengi mno wakakimbilia Rwanda. Hata leo wako wasemao, "Mji ule ulikuwa na dhambi."

Je, Gisenyi, uliopakana nao, ulikuwa mtakatifu? Uji ule ulifuata nyufa na mteremko wa nchi. Haukubisha hodi na kuuliza mwendo wa mtu.

Tena tufikiri habari za mlima Tambora wa Indonesia, uliopasuka Aprili 1815. Moshi wake wa kiberiti ulipanda juu kupita mawingu, mahali ambapo mvua haiwezi kuuosha, ukaenea duniani kama utaji mwembamba na kuzuia sehemu ya nuru ya jua. Mwaka 1816 baridi iliharibu mazao Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Mkulima wa Uswisi aliona njaa kwa ajili ya mlima asioujua hata jina. Aliadhibiwa kwa kosa gani?

Wala majivu si madhara tu. Yale ya milima ya Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, yaliyopeperushwa magharibi zamani, yalirutubisha nyanda za Serengeti, na nyumbu wala majani yake hata sasa. Ikiwa majivu ni hukumu, nyumbu walitenda wema gani?

Bwana wetu alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka, mlango wa 13), alikana kwamba walikuwa wakosaji kupita wengine, akawageuzia wasikilizaji neno la toba. Basi mwalimu afundishaye kwamba Goma uliadhibiwa, ajua amepingana na nani? Tena twashuku kwamba hukumu hiyo yamfaa sana yeye asemaye: maana aliyepigwa na Mungu, nani atampelekea blanketi?

Mlima ule ulipasuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Watu walitoka gizani na watoto wao, mizigo vichwani, nyuma yao mbingu nyekundu.