KIKAO NA KIBUYU

Je, kikao kinaweza kumponya mlevi? Huku kwetu Kivu wazee walikaa barzani, kibuyu cha kasiksi kikizunguka. Aliyekikataa alionekana adui. Mwalimu mwenzetu aliacha pombe miezi mitatu. Siku ya matanga sisi wenyewe tulimumiminia, naye akarudia.

Mwaka 1935, kule Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na Bob Smith, walianza kusaidiana kwa kuongea. Ndipo Alcoholics Anonymous ilipozaliwa. Uchunguzi wa Cochrane wa 2020 ulikuta kwamba kuongoza watu kwenye vikao hivyo kunasaidia kuacha pombe sawa na tiba zingine, hata kuzishinda.

Sisi tunaona sababu: mutu akikosa, wenzake wanamuulizia. Barza yetu ilijua hivyo pia. Basi tutoe kibuyu katikati, na anayesema "hapana, asante" tusimucheke.