Chimbuko la Uhai na Mazimwi ya Senema

Je, mtunzi ana deni kwa mahali anapopafanya uwanja wa hadithi yake? Swali hili huamshwa na senema ya pili ya Lara Croft, iliyotoka mwaka 2003 kwa jina la "The Cradle of Life", yaani Chimbuko la Uhai. Ya kwanza, ya mwaka 2001, ilivuna dola zaidi ya milioni 270. Ya pili haikufika milioni 170. Wengi hulaumu risasi na mbio zilizorudiwa.

Kasoro ni kubwa zaidi. Chimbuko hilo limewekwa Afrika, karibu na Kilimanjaro, likilindwa na mazimwi ya kivuli yanayowaua waingiao. Lakini atokaye Karatu, akapanda ukingo wa Ngorongoro na kuteremkia upande wa pili, hufika Oldupai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Kusini yake, Laetoli, nyayo za viumbe waliotembea wima zimedumu miaka milioni 3.6. Huko hakuna zimwi. Kuna asili yetu sote.

Huenda ikasemwa kuwa senema ni mchezo tu. Na iwe hivyo. Hofu ni kiungo halali cha sanaa, wala kubuni si dhambi. Lakini atwaaye jina kubwa hana budi kulizidishia maana. Akilijaza vitisho tu, huacha pungufu alichokikuta kimetimia. Zimwi hutisha kwa saa moja; unyayo wa mzazi hufikirisha umri mzima.