Simba Aliyepita Juu ya Kiboko

Sisi wazee tunaopenda ndege humtaja Comet au VC10 kama wengine wanavyowataja marehemu wao wapendwa, na sioni haya kwa hilo. Nilikulia Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, chini ya njia ya ndege ziendazo Pwani. Iliyotupitia mara nyingi ni Fokker Friendship ya East African Airways. Mwili wake uliundwa Uholanzi lakini injini zilikuwa Rolls-Royce Dart za Uingereza, zenye mlio mwembamba uliotufikia kabla ndege yenyewe haijachomoza juu ya migunga. Tulijua ina nembo ya simba, ingawa kutoka chini hatukuiona.

Mengine tuliyapata kwa mjomba, fundi wa shirika hilo pale uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi. Akija likizo, hadithi zake zote zilikuwa za Super VC10. Kampuni ya Vickers iliibuni VC10 kwa ajili ya viwanja kama chetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi, kwa hiyo ndege iliyojaa hulazimika kukimbia mbali sana kabla ya kupaa. Wahandisi wakazipeleka injini zote nne nyuma, karibu na mkia, mabawa yakabaki bila injini, yapate kufanya vizuri kazi ya kubeba uzito. Lakini nchi nyingi ziliona heri kurefusha viwanja, na Boeing 707 ya Marekani ikauzwa kwa mamia. VC10 zilitengenezwa 54 tu, na tano kati ya hizo zilikuwa zetu.

Zetu. Hapo ndipo hamu yangu inapoachana na ya Mwingereza. Yeye hujivunia Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliyofungua safari za abiria kwa jeti tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Mkamba gani wa huku kwetu angepanda siku zile? Uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Na hapa kwetu Kiboko, hoteli ya Hunter's Lodge tunayoipenda kwa vivuli vyake ilikuwa ya J. A. Hunter, mwindaji ambaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwamaliza vifaru wa Makueni katika miaka ya 1940, naye akaua karibu 1,000. Enzi hiyo ikiitwa ya dhahabu, mimi huuliza dhahabu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa nani.

Ninayoililia ni miaka michache iliyofuata uhuru. Shirika lilizaliwa 1946 mikononi mwa wakoloni, lakini Kenya, Uganda na Tanzania zikalirithi kwa pamoja, na kuanzia 1966 zikarusha Super VC10 zao hadi Ulaya. Ndege moja iliandikishwa Kenya, mbili Uganda, mbili Tanzania, na zote zilikuwa na simba yule yule. Mjomba alifungua injini moja pamoja na Mganda na Mtanzania, wakabishana kwa Kiswahili chenye lafudhi tatu. Msiba pia ulikuwa wa wote: tarehe 18 Aprili 1972, mojawapo ya ndege hizo, yenye usajili 5X-UVA, ilishindwa kupaa Addis Ababa, na watu 43 wakafa.

Mwanzoni mwa 1977 madeni na magomvi ya michango yakalizima shirika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mafundi waliokula sahani moja wakarudishwa kila mtu kwao, na wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki upande wa Tanzania walikuwa bado wanadai haki zao miaka ya 2000. Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, jeshi la anga likazigeuza za kubebea mafuta ya kujazia ndege nyingine angani, zikatumika hadi 2013. 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutengenezwa duniani, ilipostaafu ilikabidhiwa makumbusho ya Brooklands huko Surrey. Waingereza wakaitunza ndege ambayo sisi tulishindwa kuimiliki pamoja.

Leo kila nchi ina shirika lake na hasara zake. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania ruhusa ya safari za mizigo. Viongozi wakayamaliza kwa siku chache, na magazeti yakayaita mafanikio. Mimi niliona aibu. Nchi hizi ziliwahi kuweka fedha zao pamoja zikanunua jeti tano mpya kabisa, na sasa tunapongezana kwa kuruhusiana kutua.