Kosa Lisilo na Majeruhi

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haiyapimi magari yote kwa kipimo kimoja. Mijini na kwenye vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa kwa kila gari. Nje ya hapo basi, matatu na lori zito hazitakiwi kuvuka 80, hata pale gari dogo linaporuhusiwa kwenda mbio zaidi. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, ambazo wasafiri wamezoea kuziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, John Michuki, zililazimisha magari ya abiria na malori mazito kufungwa kidhibiti mwendo. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zikapanga adhabu kwa ngazi: anayezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa, 6 hadi 10 hulipa shilingi 500, 11 hadi 15 shilingi 3,000, na 16 hadi 20 shilingi 10,000. Aliyepita hapo hufikishwa mahakamani, ambako faini yaweza kufika shilingi 100,000.

Ukali huu juu ya magari ya biashara una sababu ya kimaumbile. Nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Kutoka 80 hadi 100 mwendo umepanda kwa robo tu, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza imepanda kwa asilimia 56, na uzito wa shehena huizidisha tena.

Fizikia, hata hivyo, haitoi hukumu ya maadili. Lori limetoka Mombasa usiku, limepita Mtito Andei kwa kilomita 95 kwa saa, na alfajiri limefika Nairobi salama. Hakuna aliyegongwa wala mali iliyoharibika. Mlalamikaji ni nani? Sheria yenyewe inaonekana kuutambua ugumu huo: kwa kuwa hakuna jeraha la kuonyesha, haimtii dereva hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja tu kwamba gari lilikuwa mbioni. Torati nayo haikukubali shahidi mmoja.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba sheria za wanadamu huzaliwa na sheria ya maumbile kwa njia mbili. Nyingine hufuata moja kwa moja, kama katazo la kuua. Nyingine hujaza tu pale ambapo wajibu upo lakini kipimo chake hakijatajwa. Namba 80 ni ya aina hii ya pili. Haikuandikwa mbinguni, na ingaliweza kuwa 75 au 85 bila dhambi kwa mtunga sheria. Kilichotangulia bunge lolote ni wajibu wa kutoyahatarisha maisha ya mwingine. Namba imeupa wajibu huo umbo ambalo dereva na trafiki wanaweza kulisoma kwa pamoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2290, inawatia katika hatia kubwa wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, na haingoji mtu afe kwanza. Wanazuoni wa Kiislamu walifika karibu na hapo kwa njia ya maslaha ya umma. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1993 nchini Brunei, liliamua kwamba kuzifuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini.

Pingamizi kubwa zaidi halitoki kwa wanasheria, linatoka matangani. Ajali haina kinga, husemwa, na kila nafsi ina siku yake. Kama siku imeandikwa, kilomita 15 za ziada zinabadilisha nini? Jibu mashuhuri limo katika habari ya Khalifa Umar. Mwaka wa 18 Hijria alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kwamba tauni imezuka mbele. Akaamua kurudi Madina. Sahaba Abu Ubayda bin al-Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akakiri kwamba ndivyo: anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kukanyaga breki nako kumo ndani ya kadari. Methali ya matangani huwafariji waliokwisha kufiwa, na kwa kazi hiyo inafaa. Ikitamkwa na aliyeshika usukani kabla ya safari, ni kisingizio.

Wanafalsafa wasiomtaja Mungu wamekutana na swali hilohilo kwa jina la bahati. Bernard Williams, katika makala ya mwaka 1976, alitoa mfano wa dereva wa lori ambaye bila kosa lake anamgonga mtoto: atajuta kwa namna ambayo mtazamaji hawezi kujuta, na tungemshangaa kama asingejuta. Thomas Nagel aliutazama upande wenye kosa. Madereva wawili wamezembea sawasawa, mmoja tu akakuta mtoto barabarani, na lawama zote zikamwangukia huyo. Faini ya mwendo hapa ina haki kuliko hisia za watu, kwa kuwa inawapima wote wawili kwa walichokitenda. Lakini sheria haikuthubutu kwenda na wazo hilo hadi mwisho. Sura hiyohiyo ya 403 ina kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, na kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Hapo bahati imerudi kizimbani.

Udhaifu wa faini uko kwingine. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti kuhusu vituo vya kulelea watoto mjini Haifa. Wazazi waliochelewa kuwachukua watoto walianza kutozwa faini, na kuchelewa kukaongezeka, kwa sababu lawama ilikuwa imegeuzwa bei. Tanzania, ambako kwa miaka mingi faini ya papo kwa papo imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa, mwenye mabasi anaweza kuihesabu pamoja na mafuta na ushuru wa stendi. Kusimamishwa kwa leseni ya kampuni au ya sako nzima ya matatu hakununuliki kirahisi hivyo.

Tena anayesimamishwa na tochi ya kupimia mwendo ni dereva, na mara nyingi mwendo si wake. Kuna hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri, kuna ratiba. Kanuni ya fiqhi iliyowekwa katika Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola la Uthmaniya, kifungu cha 90, ni kwamba mtendaji na msababishi wakikutana, hukumu humfuata mtendaji. Kwa kawaida ni kanuni ya busara, maana bila hiyo kila mtu angemsingizia aliyemtuma. Sheria ya Kenya imeilegeza kwa jambo moja: mwajiri akitoa ratiba ambayo haiwezekani kutimizwa bila kuvunja kikomo cha mwendo, ratiba hiyo yaweza kutolewa mahakamani kuwa ushahidi wa awali kwamba yeye ndiye aliyechochea kosa. Hiki ndicho kifungu chenye maadili mazito kuliko vyote katika sehemu ya sheria hiyo inayohusu mwendo. Dereva anabaki na hatia, ila hatia hiyo haimalizikii kwake.

Kosa likiishia katika kifo, madeni huwa matatu. Faini na kifungo ni vya dola. Diya, yaani fidia ya damu, kwa mujibu wa Surat An-Nisaa aya ya 92, ni ya warithi wa aliyeuawa kwa kukosea. Fiqhi ya kale iliwabebesha diya hiyo jamaa za muuaji. Aya hiyohiyo inataja kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Diya inaweza kuchangwa na ukoo, na faini inaweza kulipwa na kampuni. Miezi hiyo miwili anaifunga dereva mwenyewe.