Moto Upi Ulio Dawa?

Kila bomu linapolipuka, hakosekani mwanasiasa wa kutukumbusha kwamba dawa ya moto ni moto. Makofi yanapigwa, na mitandaoni methali inasambazwa kama amri ya kulipiza kisasi. Tumeushika moto, dawa tumeiacha.

Wakulima hawaielewi hivyo. Moto wa nyika ukija, huutazama upepo, wakachoma ukanda wa majani makavu mbele yake, ili ukifika usikute cha kula. Moto wao hauwashwi kwa hasira, wala haurushwi kwenye paa la jirani kwa kuwa anafanana na aliyeuanzisha.

Gaidi anajua kutuzidi kwamba moto huhitaji cha kula. Wenzake ni wachache, hawawezi kuiangusha serikali kwa risasi zao, basi huichokoza ipige ovyo, ili walioonewa wamgeukie yeye. Carlos Marighella wa Brazil aliliandika waziwazi mwaka 1969 katika mwongozo wake wa vita vya msituni mijini. Majani yake makavu ni manung'uniko ya watu, na serikali yenye ghadhabu humkaushia.

Mwezi Septemba 2013 wanamgambo wa Al-Shabaab kutoka Somalia waliwaua watu 67 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Aprili 2014, baada ya mashambulizi mengine, polisi wa Kenya waliingia mtaa wa Eastleigh jijini humo. Maelfu, wengi wao Wasomali, walizolewa, na wengi wakafungiwa uwanjani Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili, Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Sisemi msako ule ndio uliozaa mauaji haya, ila haukuyazuia. Na mmoja wa wauaji alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, msomi wa sheria, ambaye baba yake alikwisha kuwaarifu wakuu kwamba kijana ametoweka. Habari kama hiyo haipatikani kwa kuwafungia watu uwanjani. Sipingi bunduki kwa mwenye bunduki. Napinga uvivu wa kumwita kila jirani yake gaidi.

Novemba 2014, karibu na Mandera, Al-Shabaab waliwatenga abiria wasio Waislamu katika basi na kuwaua 28. Desemba 2015 walilisimamisha basi jingine. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Watu wawili waliuawa, lakini mauaji ya halaiki yakashindikana. Kwa kuunyima moto majani makavu, abiria wale waliifasiri methali vizuri kuliko wanasiasa, na anayetaka kuitumia tena aanzie kwao.