Je, Mtu Mzima Apimwe Usonji?

Huku Kilosa na Mikumi, kama penginepo, wako watu wazima ambao tangu utoto hawatazamani na mtu machoni, hutaabishwa na makelele, na hushika desturi moja daima. Twawaita wenye kiburi. Huenda wengine wana usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali hii. Wa kwanza wao, Donald Triplett, alifanya kazi ya benki, akafa mwaka 2023 mwenye miaka 89. Basi usonji si wa watoto tu.

Wengine huuliza: mtu wa miaka 40 atafaidiwa nini na jina? Tena madaktari wa mambo haya ni wachache, na Muhimbili iko mbali na Mikumi zaidi ya kilomita 250. Faida iko. Jina haliponyi, maana usonji si homa. Walakini laondoa lawama. Aliyedhaniwa mwenye kiburi ajulikana kuwa mwenye haja, na mama aliyelaumiwa kwa malezi hupumua.

Wala asiye na nauli asiachwe. Cheti chaweza kukawia. Heshima haingoji cheti. Mpunguzie makelele, mwambie neno wazi, usimcheke.