Kudai Haki si Kuomba Sadaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wa miji iliyouzunguka Mlima Kenya ni wa dini yetu, na wengi wao ni wa lugha yetu pia. Mji wa Nyeri ulianza kwa boma la Waingereza mwaka 1902, na nyuma ya boma hilo wakafuata askari, wapagazi na wachuuzi Waislamu, wengine wametoka pwani hii yetu na wengine wametoka mbali zaidi. Wakajenga nyumba na misikiti, na mtaa wao ukaitwa Majengo, kama unavyoitwa mtaa wetu wa Mombasa. Majengo iko Nyeri, iko Nanyuki, iko Embu, iko Meru. Na popote iendapo Majengo huenda na haja zake: njia za matope wakati wa masika, mitaro iliyoziba, taa zisizowaka, mifereji ya maji isiyowatosha watu, na makaburi yaliyojaa.

Twawataja ndugu hao leo kwa sababu liko swali ambalo kwao ni zito, nasi wa pwani latuhusu vile vile. Je, yampasa Muislamu kuiomba serikali fedha za kutengeneza mtaa wake? Na ikiwa yampasa, aombe vipi?

Wako watu wema wasemao kwamba kuomba ni unyonge, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mkono utoao ni bora kuliko mkono upokeao. Tena husimulia khabari ya yule mtu wa Ansari aliyekuja kuomba, na Mtume akamuuliza ana nini nyumbani kwake. Alikuwa na nguo na kikombe tu. Vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja ikanunuliwa chakula cha watu wake, na ya pili ikanunuliwa shoka, akaenda kukata kuni akajitosheleza. Basi husema watu hao: nasi tuchukue shoka zetu, tusiombe mtu.

Khabari hiyo ni ya kweli na mafunzo yake ni makubwa, lakini wameiweka si mahali pake. Yule Mansari alikuwa akiomba mali ya watu. Ama fedha za serikali ni mali ya nani? Mwanamke wa Majengo ya Nyeri anunuapo sabuni dukani hulipa kodi ndani ya bei yake. Kijana atiapo salio katika simu yake hulipa kodi. Mwenye kibanda katika soko la Karatina hulipa ushuru ili apate kuuza. Fedha hizo hukusanywa katika hazina za umma, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 203, imeamuru kwamba kaunti zote 47 zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kisha kifungu cha 201 kimeamuru kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, na kwamba wananchi washirikishwe. Basi mtu adaipo fungu la mali aliyochangia mwenyewe, huwaje ni mwombaji? Huyo ni mwenye amana yake.

Na Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratun Nisaa kwamba amana zirejeshwe kwa wenyewe. Amri hiyo yamwelekea aliyeshika amana, lakini mwenye amana naye ana wajibu wake, nao ni kujitokeza na kusema: hii ni yangu. Sayyidna Umar (R.A.) aliichunga hazina ya Waislamu kiasi cha kusema kwamba akiishi, mchungaji aliye mbali katika nchi ya Himyar atafikiwa na fungu lake bila ya paji la uso wake kutoka jasho kwa kulitafuta. Sisi hatuna Umar. Kwa hivyo hapana budi jasho litoke.

Wengine husema: hii si serikali ya Waislamu, tutaingianaje nayo? Hawa twawajibu kwa Nabii Yusuf (A.S.). Yeye alikuwa Misri chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, na juu ya hayo alitaka mwenyewe awekwe juu ya khazina za nchi, akataja sababu mbili: kwamba ni mlinzi, na kwamba ni mjuzi. Kisha akapanga mambo kwa miaka: saba ya kulima na kuweka akiba, na saba ya kula kilichowekwa. Hakungoja njaa ibishe hodi ndipo aanze kutafuta ghala.

Hapa ndipo twaona kasoro yetu kubwa, wa bara na wa pwani. Wengi wetu hatukatai kuomba. Bali twaomba pasipo pake, na wakati usio wake, na kitu kisicho chake.

Kwanza, twaomba pasipo pake. Ikifika Ramadhani, na khasa ikiwa uchaguzi umekaribia, huja mtu mwenye gari kubwa akagawa mchele, tende na misala. Sisi tukamsimamisha mbele ya safu, tukamwombea dua, na yeye akaahidi njia ya lami. Gunia la mchele huliwa siku chache. Mtaro uliochimbwa vizuri huwafaa wajukuu. Tena ahadi ya mdomo hufa na msemaji wake. Kaunti ya Nyeri ilipatwa na msiba mwaka 2017: magavana wake wawili, Nderitu Gachagua na Wahome Gakuru, walifariki katika mwaka huo mmoja, wa kwanza mwezi wa Februari na wa pili mwezi wa Novemba. Aliyekuwa na ahadi ya mdomo kwa mmoja wao alikuwa na nini mkononi siku ya pili? Ama aliyeandika ombi lake na likatiwa katika mpango wa kaunti, karatasi yake ilibaki. Nasi ndio umma ulioamrishwa katika Suratul Baqara kuandika madeni yetu. Ikiwa deni la mtu mmoja laandikwa, deni la mtaa mzima litaachwaje midomoni?

Pili, twaomba wakati usio wake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na watu huamka mwezi wa Juni. Lakini chakula kimekwisha pakuliwa zamani! Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka miadi: mpango wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka ulio nyuma, waraka wa mwelekeo wa matumizi kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Juu ya yote uko mpango wa miaka mitano, na uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria ya serikali za kaunti, ya mwaka 2012 pia, imekataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango hiyo. Basi kisichoandikwa humo hakina fedha, hata gavana akikupenda kama mwanawe. Sisi twajua kuandama kwa mwezi, twajua nyakati za Sala tano kwa dakika. Je, twashindwa kuzijua tarehe nne?

Tatu, twaomba kitu kisicho chake. Katiba, katika kifungu cha 8, yasema kwamba hapana dini ya serikali. Basi tusiiombe serikali itujengee msikiti wala itulipie imamu. Hayo yana mali yake, nayo ni wakfu na sadaka zetu, na aibu ni yetu ikiwa msikiti wavuja na matajiri wetu wana magorofa. Lakini yako mambo ambayo Katiba imeyatwika kaunti waziwazi: zahanati, njia za mtaa, mitaro, taa, maji, shule za chekechea, masoko, na hata makaburi. Ndiyo, makaburi yametajwa kwa jina katika Jedwali la Nne. Ama shule za msingi na za sekondari ni za serikali kuu. Anayempelekea gavana haja ya sekondari amebisha mlango usio wenyewe, na atarudi akisema kwamba Waislamu hawasikilizwi.

Mfano wa faida ya mipango twaupata huko huko mlimani. Mwaka 2011 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa nchi nyingine, ilianza mradi wa kutengeneza mitaa ya watu wa chini, ujulikanao kwa jina la KISIP. Miji 15 ikachaguliwa, na Nyeri na Embu zikiwamo, pamoja na Mombasa na Malindi zetu. Kazi zake zilikuwa za namna mbili: kupima ardhi na kuwapatia wakaazi hati, na kutia njia, mitaro, maji na taa. Zingatia sana namna ile ya kwanza. Mitaa yetu ya zamani mara nyingi ina nyumba za miaka na miaka juu ya ardhi isiyo na karatasi, na serikali haitii mabomba yake juu ya ardhi yenye ugomvi. Basi mtaa ulioweza kukaa pamoja, ukakubaliana njia ipite wapi na nani asogeze ukuta wake, ulifungua mlango wa kheri. Na mtaa ambao kila mtu amekamata hatua yake moja ya ardhi hujifungia mwenyewe. Na mkopo huo, ndugu yangu, utalipwa na Wakenya wote, nawe ukiwamo. Je, hufai kuuliza umetumiwaje?

Sasa lifanyweje? Twaona kwamba kuhudhuria vikao vya bajeti kwafanana na fardhi kifaya: wakienda wachache wenye kutosha, wengine wameondokewa na lawama, asipokwenda hata mmoja, lawama ni ya mtaa mzima. Basi baada ya Sala ya Ijumaa na wachaguliwe watu wa kazi hii, wasiwe wa ukoo mmoja, na wanawake wawemo, kwani achotaye maji ndiye ajuaye bomba liwekwe wapi. Wahesabu nyumba, wapime njia kwa hatua, waandike ni watu wangapi watakaofaidika. Waombe kitu kimoja au viwili, si ishirini. Kisha ombi litiwe sahihi, lipelekwe kwa Mwakilishi wa Wadi na kwa Bunge la Kaunti, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ibaki msikitini. Sheria imempa raia haki ya kupeleka ombi na kujibiwa. Na sheria ya kupata khabari, ya mwaka 2016, yaitaka ofisi ya umma ijibu maulizo katika siku 21. Zikipita siku hizo, rudini kwa adabu. Wakisema njoo kesho, njooni kesho.

Na ombi hilo lisiwe la Waislamu peke yao. Katika Majengo ya Nyeri jirani ya Muislamu ni Mkikuyu Mkristo, na mtaro ukiziba maji machafu huingia nyumba zote mbili bila ya kuuliza dini. Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano ya watu wa Makka ya kumsaidia kila mwenye kudhulumiwa, na baada ya Uislamu akasema kwamba lau angeitwa kwa mfano wake angeitikia. Ombi lenye sahihi za msikiti na za kanisa, kwa jambo la kheri ya wote, lina uzito mara mbili, na humwondolea mwanasiasa hoja ya kutugawa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Fedha zikija, nani atazichunga? Mtume wetu alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akasema: hizi ni zenu, na hizi nimepewa mimi zawadi. Mtume akakasirika, akapanda juu ya mimbari, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake zawadi hizo zingemfuata. Basi mjumbe wa kamati asipokee kahawa ya mkandarasi. Kiasi kilichotolewa, na kilichotumika, kisomwe mbele ya watu na kibandikwe ukutani. Taifa lina Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ripoti zake juu ya kila kaunti ziko wazi kwa atakaye kuzisoma. Lakini mkaguzi wa kwanza wa mtaro wa Majengo ni mtu wa Majengo apitaye hapo kila alfajiri akienda kusali. Tukiwalaumu wakubwa kwa kula mamilioni, nasi tukala mifuko mitano ya saruji, tofauti yetu nao ni ukubwa wa mdomo tu.

Ndugu zetu, serikali haitakuja kutubembeleza tuchukue haki yetu. Kitabu cha bajeti hufungwa kila mwaka, uwe umo au humo, na watoto wetu hurithi matope yale yale tuliyoyarithi sisi. Na siku ya Kiyama ataulizwa aliyeikamata amana kwa nini hakuitoa, na ataulizwa mzee wa mtaa kwa nini alinyamaza ilhali njia ya kusema ilikuwa wazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu wa Nyeri, Nanyuki, Embu, Meru na Murang'a umoja na subira, awape viongozi wetu khofu ya hisabu, na atujaalie sisi sote tuwe wachunga amana kabla ya kuwa wadai wake. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.